Gari Lisilo na Kiti cha Nyuma

Gereji ya Mithika,
S.L.P. 14, Kiirua, Meru.
3 Machi 1986

Kwako Njoka wa Njura,

Nakusalimu kwa sababu Mkristo haanzi barua bila salamu. Salamu zenyewe ndizo hizo, zimekwisha.

Leo asubuhi nimefunua turubai kwenye gari la Riungu, lile ulilolileta kwa lori kutoka bandarini Mombasa. Nilitaka tu kulipangusa vumbi. Njoka, nilikaa chini juu ya mtungi wa oili, nikahesabu. Redio haiko, kuna bati limefunika tundu lake. Kiti cha nyuma hakiko. Kapeti haiko, unakanyaga chuma kitupu. Hita haiko, na wewe unajua baridi ya kwao Timau. Mkono wa kufungulia mlango kwa ndani haupo, kuna kamba ya kitambaa, kitu cha kufungia ndama! Vioo vya madirisha ya pembeni ni plastiki. Boneti nimeiinua kwa kidole kimoja. Kidole kimoja! Ni gari gani la mtu tajiri lenye boneti ya namna hiyo?

Riungu angeweza kumpa mtu yeyote gari lake alitunze miaka hii atakayokuwa Ulaya. Mafundi wamejaa Nanyuki, wamejaa Meru mjini. Akasema hapana, litakaa kwa Mithika wa Kiirua, kwa sababu kitu cha watu hakipotei kwa Mithika. Mimi ndiye niliyemwambia, mkwe wangu ana lori, ataenda kulichukua, ni mtu mzuri. Mtu mzuri! Ulilala Mtito Andei usiku mzima. Nani alikuja kukufungulia hilo gari hapo Mtito Andei? Ulimuuzia nani?

Ng'ombe wa kuwekewa akifa, aliyewekewa hupeleka ngozi kwa mwenyewe ikaonekana. Nionyeshe ngozi ya redio, Njoka. Nionyeshe ngozi ya kiti.

Riungu sitamwambia. Nitamwambia nini, kwamba nilimwozesha binti yangu mwizi? Nitarudisha kila kitu kwa mkono wangu, moja baada ya lingine, mpaka gari likamilike. Ntinyari alikuja huku kujifungua kwa sababu ya mbu wa huko Kiambere. Basi atakaa huku. Usikanyage kwangu.

Naftaly M. Mithika,
Fundi Mkuu, na Mzee wa Kanisa

*

Kambi ya Madereva,
Bwawa la Kiambere, Embu.
12 Machi 1986

Mzee,

Salamu zako nimezipata zikiwa zimekwisha, kwa hivyo sina za kurudisha.

Mimi si mwizi. Nasema mara moja na sitarudia. Hiyo gari ilitoka kwa meli vile iko. Nilishangaa hata mimi, nikamuuliza karani wa bandari, nikamwambia bwana, mimi sitoki hapa na gari ya watu imenyofolewa hivi bila karatasi. Akaandika: hakuna redio, hakuna kiti cha nyuma, hakuna kapeti. Akapiga muhuri. Hiyo karatasi nilikupa siku nilifika, pamoja na ufunguo. Ulichukua ufunguo, karatasi ukatia mfukoni bila kusoma. Tafuta kwa ile ovaroli yako ya buluu.

Mtito Andei nililala ndani ya lori, kichwa kwa usukani. Hakuna mtu alikuja.

Mzee, kuna kitu kimoja kinanichoma kuliko hilo neno lako. Mimi nimekula kwako. Nimeshika taa ukiwa chini ya matrekta ya watu mpaka mkono ukafa ganzi. Ulikuwa unaweza kuniita, unikalishe, uniulize: Njoka, haya mambo ni aje? Neno moja tu. Hukuniuliza. Umetoka kwa turubai moja kwa moja ukaenda kwa kalamu.

Mke wangu akijifungua, nakuja kumchukua pamoja na mtoto. Akiwa mvulana anaitwa Njura, jina la baba yangu. Hiyo haina mjadala. Kwenu Meru mvulana wa kwanza huchukua jina la baba ya baba yake, na kwetu Mbeere ni hivyo. Baba yangu alizikwa mwaka jana na hana mwingine wa kumwita.

Njoka

*

Kiirua, 30 Aprili 1986

Njoka,

Mtoto alizaliwa tarehe tisa, mvulana. Nadhani ungetaka kujua, ingawa sina hakika tena unataka nini.

Miezi miwili! Miezi miwili hakuna hata kikaratasi. Karwirwa, yule mwalimu jirani yetu, mumewe yuko Sudan na barua zinamfikia kila wiki. Sudan, Njoka. Wewe uko Kiambere. Nilikaa kwenye kile kitanda cha hospitali ya misheni, kila mlango ukifunguliwa nainua shingo. Anaingia mama yangu na uji wa wimbi. Anaingia pasta. Kila mtu aliingia ila wewe.

Baba aliponiambia habari ya gari, siku ya kwanza nilimkatalia. Nilimwambia Njoka hawezi, nikakosana naye, nikakataa chakula. Akasema, basi ngoja aandike ajitetee. Nikangoja. Nikamuuliza ile karatasi ya bandarini niliyokuona ukimpa, akasema aliipata kwenye ovaroli lakini karatasi ya namna hiyo karani yeyote atakuandikia kwa fungu la muguka wa kutafuna. Mimi sijui makarani. Mimi najua kwamba mtu asiye na hatia hupiga kelele, na wewe umenyamaza.

Jumapili mtoto amebatizwa. Anaitwa Yoshua Mithika. Ndiyo, umesoma vizuri. Pasta aliuliza jina, nikatazama mlangoni kwa mara ya mwisho, kisha baba akalitaja lake. Sikufungua mdomo. Ukitaka kukasirika, kasirika. Ulikuwa wapi?

Nampa baba aipeleke posta barua hii pamoja na zake.

Ntinyari

*

Kiambere, 8 Mei 1986

Ntinyari,

Hii ni barua ya sita. Ya kwanza niliandika siku ile ile nilipomjibu baba yako. Ya pili nilitia picha yangu mbele ya lori jipya. Ya tatu ilikuwa na kitambaa cha mtoto ndani, cha manjano. Zote nimeandika "kwa mkono wa Naftaly Mithika, S.L.P. 14," kwa sababu huna sanduku lingine. Uliza barua zangu ziko wapi. Uliza kwa nguvu!

Na nilikuja. Jumamosi tarehe kumi na tisa nilikuwa kwenu saa nne asubuhi, na shuka mbili na sukari. Baba yako alinisimamisha getini akiwa na spana ya gurudumu mkononi. Akaniambia umesema hutaki kuona uso wangu. Nilikaa ng'ambo ya barabara mpaka saa tisa, watu wa soko wakinipita na viazi vyao, wananiangalia. Mmoja alisema kwa sauti, "Huyo ndiye wa redio." Kwa hivyo Kiirua yote inajua.

Umempa mtoto wangu jina la mtu aliyenifukuza. Nimesoma hapo mara nyingi, siamini. Baba yangu alikufa akiuliza kama una mimba. Umesahau? Nilikuambia hapa hapa, kwa hiki kitanda.

Sijui kama utasoma hii. Nikijua unasoma, nitalia vizuri.

Njoka wako

*

Gereji ya Mithika, Kiirua,
2 Novemba 1986

Kwa Bwana Riungu, huko Uingereza,

Natumaini u mzima wa afya, na baridi ya huko haishindi ya kwenu Timau. Huku mvua ni nzuri, ngano ya baba yako imesimama vizuri, viazi vyetu havina ugonjwa.

Nakuandikia kukutoa wasiwasi kuhusu gari lako. Liko salama, na limekamilika. Nalirudia hilo neno: limekamilika. Ukija utalikuta na kila kitu ambacho gari linapaswa kuwa nacho, na vingine zaidi, bila wewe kudaiwa chochote. Kiti cha nyuma nimekishona kwa mkono wangu, wiki tatu, ngozi nyekundu, na vifungo.

Usiniulize zaidi. Kuna mambo mzee huyamaliza nyumbani kwake.

Naftaly M. Mithika

*

Shamba la Ngano, Timau,
9 Februari 1987

Mzee Mithika,

Nimetoka kwako jana bila kusema neno kwa sababu wewe ni rika la baba yangu. Kama ningefungua mdomo ningekutukana, na baba angenilaani. Naandika leo.

Umefanya nini na gari langu?

Kapeti! Ulitia kapeti, na chini ya kapeti ukapaka lami. Lami, Mzee, ya barabara! Umetia redio na spika nne. Umetia hita ya trekta. Vioo vizito. Bampa ya pikapu mbele na nyuma. Umefunga keria juu ya paa, sijui nibebe kabichi? Halafu nikazunguka nyuma kutafuta choo, nikaikuta boneti yangu juu ya banda la kuku. Kuku wamelala juu yake mwaka mzima.

Gari lile halikuwa bovu. Lilitengenezwa hivyo kiwandani. Kiwanda kinatengeneza gari la kawaida, lenye redio na kiti na kila kitu. Halafu kinatengeneza machache, machache sana, kwa ajili ya watu wa mbio. Hayo yanavuliwa. Bati linakuwa jembamba, kioo kinakuwa plastiki, kiti cha nyuma hakitiwi kabisa, mlango unafunguliwa kwa kamba ya kitambaa kwa sababu kamba ni nyepesi kuliko chuma. Kila kilo inayotoka, gari linakata kona vizuri zaidi na kusimama upesi zaidi. Ndiyo maana ni ghali kuliko lile lenye vitu vyote. Nilingoja miaka minne nipate moja, na mwezi wa nne nilikuwa niliingize kwenye mbio za Nakuru.

Nimelipeleka kwenye mizani ya ngano hapa shambani. Limeongezeka kilo mia moja na tisini. Umenipakilia magunia mawili ya ngano na zaidi, na kuyafunga kwa nati!

Naomba unieleze kitu kimoja tu, nilale. Nani alikuambia uguse?

Riungu

*

Gereji ya Mithika,
S.L.P. 14, Kiirua, Meru.
20 Februari 1987

Kwa mkwe wangu mpendwa, Njoka wa Njura, Kiambere,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa mama mkwe wako, ambaye hapiki tena kwa furaha. Natumaini Mungu amekulinda wewe pamoja na madereva wenzako, na joto la huko, na mbu, na lile bwawa ambalo nasikia maji yake sasa yamejaa. Huku kumekauka kidogo. Ng'ombe mwekundu amezaa jike. Kanisa tumelipaka rangi.

Nakuandikia kuhusu lile jambo. Riungu amerudi, na imeonekana kwamba kulikuwa na kutoelewana. Kumbe Wazungu wana gari ambalo wanalitengeneza pungufu makusudi! Njoka, nimekaa na spana miaka thelathini na tano, tangu kabla ya Uhuru, kwenye mashamba ya Wazungu wenyewe, na sijawahi kusikia upuzi kama huo. Mtu analipa zaidi apewe kidogo! Anakwenda dukani anasema, nitolee kiti, nitolee redio, halafu nikulipe! Kama hiyo si wazimu, wazimu ni nini? Huyo Mjerumani aliyelitengeneza ana akili au hana?

Na huyu kijana Riungu, alipoondoka aliniambia nini? "Mzee, nitunzie, usiliendeshe." Basi. Angeshindwa nini kuongeza neno moja, kwamba gari langu halina kiti? Alinidharau. Alidhani mtu wa Kiirua hawezi kuelewa. Sasa ananiandikia barua ya matusi, mimi, kwa ajili ya kapeti niliyomtia bure. Nimevua kila kitu tangu Jumatano iliyopita. Lami imenikatalia, nairarua kwa patasi, kucha mbili zimeng'oka. Kile kiti nimekitoa mwisho.

Karani wa bandari naye ana lake. Karatasi ya maana namna hiyo anaiandika kwa penseli! Nani ataamini penseli? Na watu wa soko ndio walioeneza yale maneno, mimi nilimwambia mtu mmoja tu, shemasi, kwa siri.

Sasa kuna jambo la Ntinyari. Juzi alitafuta koleo kwenye sanduku langu la spana akakuta barua zako. Ziko kumi na moja. Nilikuwa nimezihifadhi. Sikuzifungua hata moja, Mungu ni shahidi, mtu hawezi kusema Mithika amesoma barua ya mtu. Alizisoma zote palepale sakafuni kwenye gereji. Alipomaliza aliniangalia, na sijawahi kuangaliwa hivyo na mtoto niliyemzaa. Akamfunga mtoto mgongoni kwa kile kitambaa cha manjano, ingawa ni kidogo hakitoshi, akakiongezea leso. Akaondoka bila kuniaga. Nadhani yuko kwako. Kama hayuko, niambie upesi, kwa sababu hatulali.

Yule ndama nimemtenga awe wenu. Nitakuja naye, na blanketi, na wazee wawili, tuyamalize haya mambo kwa utaratibu, kila upande ueleze upande wake. Na tunaweza kuzungumza kuhusu jina la mtoto, maana hata Mithika si jina baya.

Ni mimi mkwe wako akupendaye,
Naftaly M. Mithika,
Fundi Mkuu, na Mzee wa Kanisa

*

Kiambere, 28 Februari 1987

Mzee,

Wako hapa. Walifika jioni ya tarehe kumi na nane, mtoto amejaa vumbi mpaka kope. Nilimshika mara ya kwanza akiwa na meno manne. Niliyakosa yote manne.

Barua yako tumeisoma mara mbili, Ntinyari akisoma kwa sauti. Mara ya pili nilimwambia asome polepole, nihesabu wenye makosa. Mjerumani ana makosa. Riungu ana makosa. Karani ana makosa kwa sababu ya penseli. Watu wa soko wana makosa. Ukurasa mzima umejaa watu, na wewe huko ndani nimekutafuta sikukuona.

"Nilikuwa nimezihifadhi." Barua za mtu na mke wake, kumi na moja, ndani ya sanduku la spana, halafu unaniambia ati umezihifadhi! Na unamleta Mungu ashuhudie kwamba hukufungua! Mzee, ningependa ungefungua. Ungefungua moja tu ungejua mimi ni nani.

Mwaka mzima nimeitwa mwizi. Hapa kambini kuna dereva wa kutoka Kiirua, alifika na hiyo habari, nikanyang'anywa lori jipya nikapewa la zamani, kwa sababu nani anampa mwizi lori jipya? Mwanangu ameitwa jina lako mwaka mzima, na baba yangu amelala chini huko Mbeere bila mtu wa kumwita. Halafu unataka kuniletea ndama! Unataka nieleze upande wangu! Sina upande. Nilikuwa na karatasi, nikakupa mkononi.

Kaa na ndama wako. Wazee wawili waache wapumzike.

Nitakuambia kile nataka. Hiyo barua yako ni nzito, Mzee. Umeipakilia kama ulivyoipakilia ile gari, na mimi sioni injini. Riungu anasema watu wa hiyo kiwanda wanajua kutoa. Basi toa. Toa ng'ombe mwekundu, toa ukame, toa rangi ya kanisa. Toa Mjerumani. Toa kiti chako chekundu na vifungo vyake. Toa cheo chako hapo chini. Kitakachobaki ndicho unitumie, na kama hakuna kitakachobaki, usiandike tena.

Ntinyari anasema aongeze mstari wake. Huu hapa, ni mwandiko wake:

Baba, kanisani nilinyamaza jina lilipotajwa. Sitanyamaza tena. Kama hujui la kuandika, mimi na mtoto huyu hutatuona.

Njoka

*

Kiirua, 9 Machi 1987

Njoka,

Hukuiba. Nilikusingizia.

Sikukuuliza.

Barua zako nilizificha, na getini nilikudanganya.

Jana nilisimama kanisani nikasema hayo, watu wote wakiwepo. Uzee wa kanisa nimeuacha, ufunguo nimeurudisha.

Mtoto ni Njura.

Nisameheni.

Naftaly